Kufyeka kingo kali za bwawa: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mtu akiwa na bwawa lenye kingo kali zilizojaa nyasi haishiwi washauri, huyu anasema nunua mashine ya kukaa, ile ya kukatia nyasi unayoiendesha ukiwa umeikalia, yule anasema funga mashine kamba uishushe, mwingine piga dawa umalize kazi, na nyingi ya shauri hizi ukizifuata ama wewe unaishia majini ama ukingo wenyewe ndo unaishia majini. Tuzipitie, japo sitazipa zote uzito sawa maana zingine zinaua na zingine ni usumbufu tu.

"Ah, mteremko wenyewe mdogo, mashine inapita tu"

Hii naiweka mbele kwa sababu ndo inayoua. Macho ni waongo sana kwenye mteremko, ukisimama juu unauona mkali, ukisimama chini unauona wa kawaida, sasa usikadirie, pima. Chukua ubao mnyoofu wa mita 1, weka ncha moja kwenye udongo upande wa juu, ulaze ubao usawa kabisa kwa kutumia pima maji, afu pima kutoka ncha ile inayoning'inia hadi ardhini. Ukipata kama sentimita 27 hapo una nyuzi 15, na nyuzi 15 ndo mwisho ambao watengenezaji wengi wa mashine za kukaa wanauandika kwenye vitabu vyao, tena hapo nyasi ziwe kavu. Ukipata sentimita 58 uko kwenye nyuzi 30, na hapo mashine ya kukaa isiguse. Pia watu wanachanganya asilimia na nyuzi, wanasikia mteremko wa asilimia 100 wanadhani ni ukuta uliosimama wima, kumbe ni nyuzi 45, na hizo nyuzi 15 ni sawa na asilimia 27 hivi, kwa hiyo ukisoma tangazo la mashine angalia wameandika kipi kabla hujatoa hela.

Mbaya zaidi ni zile mashine zinazogeuka papo hapo kwa mikono miwili ya chuma, nzuri sana kwenye tambarare, ila magurudumu ya mbele yanazunguka tu yenyewe hayakati kona, usukani wote uko kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ya nyuma yakiteleza huna breki na huna usukani kwa wakati mmoja, na chini yako kuna maji. Watu wamekufa hivi, mashine inapinduka inamkandamiza mtu ndani ya maji ambayo hata kina hayana. Kwa hiyo mashine ya kukaa ibaki juu kwenye tambarare, na ikae mbali na pale mteremko unapoanzia angalau upana wa mashine mbili, kwa sababu mdomo wa ukingo mara nyingi umeliwa na maji kwa chini na hauwezi kubeba uzito, ila ukiutazama kwa juu unaona nyasi safi tu.

"Kata kwa kupanda na kushuka, ndo salama"

Inategemea mashine, na hapa watu wanabeba kanuni ya mashine moja wanaipeleka kwenye nyingine. Ya kukaa, kwenye mteremko mdogo unaoruhusiwa, inapanda na kushuka kwa sababu ikienda kiubavu inapinduka. Ya kusukuma kwa miguu ni kinyume, unaenda kiubavu, kwa sababu ukiisukuma kupanda ukateleza inakurudia, na ukiwa unashuka ukateleza miguu yako inaingia chini ya kisu. Afu kuivuta kuja kwako kwenye mteremko usithubutu.

Na ile ya kusimama juu na kuishusha mashine kwa kamba? Naelewa inavutia, mtu uko mbali na maji, lakini hapo umeachia mpini, na kile kiwiko cha kuzimia injini ukiachia unakuwa umekifunga na waya ili kisizime, yani umeondoa kitu pekee ambacho kingesimamisha kisu siku kamba ikikatika. Mi hapa sina cha kujadiliana.

Kuna na suala la oili ambalo wengi hawalifikirii. Injini ya foostroki oili yake inakaa chini peke yake, ukiilaza sana kwenye mteremko oili inakimbilia upande mmoja na vyuma vingine vinazunguka vikavu, injini inakufa na wewe unalaumu duka. Injini ya tustroki, ile unayochanganya oili na petroli, haina shida hiyo, ndo maana mashine ya uzi, ile inayokata nyasi kwa uzi wa plastiki unaozunguka, inayobebwa begani kwa kawaida inafaa zaidi kwenye kingo kali. Au fyekeo tu la mkono jamani, sio ushamba, halina injini ya kuungua wala petroli ya kumwagika, na kwa kibwawa kidogo unamaliza kabla jua halijawa kali. Ila subiri umande ukauke, vaa viatu vyenye meno, na usiwe peke yako.

"Kata fupi kabisa ili usirudi mapema"

Hapa ndo penye utamu wa jambo zima. Nyasi za kwenye ukingo kazi yake kubwa ni kushika udongo, na mizizi inalishwa na majani, kwa hiyo ukikwangua majani yote mizizi nayo inapungua, vipara vinatokea, mvua ya kwanza inachora mifereji na udongo unashuka kwenye bwawa. Kila msimu bwawa linapungua kina na mwenyewe unashangaa kwa nini. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na kwenye mteremko acha zibaki ndefu kuliko za uwanjani, sentimita 10 hadi 15 ni vizuri tu.

Pale karibu kabisa na maji ikiwezekana acha ukanda wa mita 1 au zaidi usioukata mara kwa mara, unachuja mbolea na matope yanayotoka juu, na vyura na kereng'ende wanapata pa kukaa. Hapo lazima mtu aseme mbu! Mbu anataga kwenye maji, sio kwenye nyasi, akishakua ndo anakuja kupumzika kwenye majani. Nyasi zinazomsaidia kweli ni zile zilizolala ndani ya maji, viluwiluwi vyake vinajificha humo samaki asivifikie, kwa hiyo ondoa hizo, zilizosimama nchi kavu ziache. Nyoka nao sikatai, ndo maana unafyeka vinjia viwili vitatu vya kufikia maji badala ya kufyeka kote.

"Majani yakiingia majini yanakuwa chakula cha samaki"

Kidogo sawa, wapo samaki wanaokula majani. Ila lundo lote la ukingo likiingia linaoza, na kuoza kunakula oksijeni, afu virutubisho vinavyotoka vinaotesha ule utando wa kijani. Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, saa ambazo oksijeni iko chini kabisa, anza kujiuliza ulitupa nini. Rusha majani kuelekea juu ya mteremko, yaliyoanguka majini yavute na reki siku hiyohiyo.

"Piga dawa" na "fungulia ng'ombe"

Dawa ya magugu inakausha na mizizi inayoshika udongo, wiki chache zinapita unaona ukingo upo, kisha unaanza kumeguka. Na baadhi ya dawa hizi zina sabuni ya kuzisaidia kushika kwenye majani ambayo ni sumu kwa vyura na samaki, kwa hiyo kama lebo haisemi inaruhusiwa kwenye maji, usipige hapo. Ng'ombe ni mzito, kwato zake zinavunja ukingo na anakojoa humohumo. Kondoo au mbuzi wachache wanafaa, wakae muda mfupi kisha watolewe kabla hawajazila nyasi hadi udongo ukabaki wazi.

"Panda miti ishike ukingo"

Kwenye ukingo wa asili miti inaweza kusaidia. Ila kama upande huo ni tuta la udongo lililojengwa kuzuia maji, miti ni hatari: upepo ukiung'oa unaondoka na kipande cha tuta, na ukifa mizizi inaoza inaacha mirija ambayo maji yanapita ndani kwa ndani. Tuta linatakiwa liwe na nyasi tu, tena hapo ndo pa kukata mara nyingi kidogo, ili uone mashimo ya wanyama, nyufa, au sehemu iliyolowa upande wa nje wakati hakuna mvua. Na kama mti mkubwa tayari uko juu ya tuta, usiamke asubuhi na msumeno, kisiki utakachoacha kitaoza vilevile, tafuta kwanza fundi anayejua matuta ya mabwawa aje auone.