Macho ya Manjano kwa Mtoto: Maswali ya Wazazi

Mwanangu ana siku tatu na macho yake yamegeuka manjano. Je, ni homa ya manjano?

Hapana. Homa ya manjano huenezwa na mbu na ni ugonjwa mwingine kabisa. Manjano ya mtoto mchanga hutokana na bilirubini, rangi inayobaki pale chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Kazi ya kuiondoa ni ya ini, na ini la mtoto aliyezaliwa juzi bado halijakomaa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto wachanga, na hasa njiti, hupata manjano katika wiki ya kwanza. Kwa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, na kwa aliyezaliwa miezi ya mimba ikiwa imetimia huisha ndani ya wiki mbili. Manjano yanayoonekana kabla ya saa 24 hayamo katika hesabu hiyo: huenda damu ya mtoto haipatani na ya mama, au ana maambukizi, hivyo apelekwe hospitali mara moja.

Ngozi yake ni nyeusi. Nitayatambuaje?

Msogeze dirishani mchana, kwa sababu mwanga wa taa hudanganya. Mbonyeze kidogo kwa kidole kwenye ncha ya pua au paji la uso, uachie, uangalie rangi kabla damu haijarudi, kisha utazame fizi na weupe wa macho. Viganja na nyayo zikiwa manjano, usingoje kesho.

Bibi yake anasema tumwoteshe jua la asubuhi. Linatosha?

Bibi hajakosea kuhusu mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyezoea kuwatoa watoto njiti nje, aliwaonesha madaktari mtoto ambaye manjano yalikuwa yamefifia mwilini, yakabaki tu pale palipofunikwa na shuka. Taa za buluu za wodini, ambazo mtoto mwenye manjano hulazwa chini yake, zilitokana na jambo hilo. Mwanga wake huibadilisha bilirubini iweze kutoka mwilini bila kusubiri ini. Jua, hata hivyo, halina kipimo, na siku zinazopotea kwa kulitegemea ni hatari, kwani bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo na kuacha uziwi au mtindio wa ubongo. Mtoto anayelegea, anayekataa kunyonya, anayelia kwa sauti kali au kujipinda mgongo anahitaji hospitali saa hiyohiyo.

Sasa ana wiki tano, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito, ila macho bado ni ya manjano. Tusubiri?

Msisubiri. Hapa ndipo ninapowasihi wazazi mfungue nepi na kutazama. Choo cha mtoto kinatakiwa kiwe cha manjano, kijani au kahawia, kwa sababu nyongo ndiyo inayokipa rangi. Kikiwa cheupe au cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, nyongo haifiki kwenye utumbo. Mkojo wa mtoto mchanga, kwa upande wake, hauna rangi. Ukiacha doa la manjano iliyokolea kwenye nepi, hiyo ni dalili. Huenda mirija ya nyongo imeziba, na mtoto wa namna hii huonekana ana afya njema huku ini lake likiharibika. Upasuaji wa kuunganisha ini na utumbo, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60 za maisha. Ni kweli kwamba watoto wengi wenye manjano ya muda mrefu hawana tatizo zaidi ya maziwa ya mama, na hao waendelee kunyonyeshwa, lakini kinachowatofautisha ni kipimo cha damu. Ombeni bilirubini igawanywe katika aina zake mbili, ile ambayo ini limekwisha kuishughulikia na ile ambayo bado, maana jumla peke yake haitoshi.

Na mtoto mkubwa?

Huenda ni homa ya ini, malaria kali, au dawa za mitishamba zilizoliumiza ini. Chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 humkinga dhidi ya homa ya ini B. Mwenye seli mundu huwa na macho ya manjano mara kwa mara kwa kuwa chembe zake huvunjika mapema. Manjano yakizidi ghafla, pamoja na homa au viganja kupauka, apelekwe hospitali siku hiyo.