Namba ya kwenye Boksi Haijazi Tairi la Lori

Kwenye mafunzo yetu ya madereva wa magari makubwa huwa tunaweka mezani kompresa mbili za kubeba, yaani mashine za kujazia upepo. Moja unaishika kwa mkono mmoja, na ubavuni imeandikwa 150 psi, kipimo cha presha. Nyingine inataka mikono miwili, nayo imeandikwa 150 psi. Tunauliza ipi itajaza tairi la lori. Wengi hujibu zote mbili, maana tairi lenyewe linataka 120 tu. Basi tunaifunga ile ndogo kwenye tairi la lori la kipimo cha 295/80R22.5 lenye psi 85, tunaiwasha, somo linaendelea. Dakika kumi haziishi kabla haijajizima yenyewe kwa joto. Mshale wa geji haujafika hata 95, na kichwa cha silinda hakigusiki.

Ile 150 si uongo. Inaeleza tu kompresa inaweza kusukuma hadi presha gani kabla ya kushindwa. Haisemi itatoa upepo kiasi gani, wala itachukua muda gani kufika huko. Mnunuzi wa kompresa ya lori anapaswa kuanza na swali jingine kabisa: kwa presha ya tairi langu, mashine hii inatoa lita ngapi kwa dakika?

Tufanye hesabu kidogo. Tairi la kipimo hicho lina nafasi ya ndani ya lita 140 hivi. Kila unapolipandisha kwa bar moja, ambayo ni sawa na psi 14.5, unaliingizia lita 140 za hewa ya kawaida, yaani hewa kabla haijashindiliwa. Kulitoa bar 6 hadi 8 kunahitaji lita 280. Likiwa tupu kabisa, kulifikisha bar 8 kunameza zaidi ya lita 1,100. Gari dogo halikuandai kwa namba hizi: tairi lake ni dogo mara kadhaa, na mara nyingi linatosheka na bar 2 na kitu.

Sasa kompresa inayotoa lita 30 kwa dakika dhidi ya presha ya bar 8 itamaliza kazi ya lita 280 kwa dakika tisa au kumi. Inavumilika kwa tairi moja. Zidisha kwa matairi kumi uone asubuhi inavyoisha.

Ujanja wa matangazo uko hapo kwenye maneno “dhidi ya presha”. Lita zinazoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi zimepimwa mpira wa kupitishia upepo ukiwa wazi, upepo ukitoka bila kuzuiwa na kitu. Presha inapopanda, lita zinashuka, na kwa mashine ndogo zinashuka vibaya sana. Mtengenezaji makini hutoa jedwali linaloonyesha lita kwa kila presha. Tafuta mstari wa bar 7 au 8, yaani psi 100 hadi 116. Kama jedwali linakomea psi 40, kompresa hiyo imetengenezwa kwa magari madogo, hata muuzaji aseme nini. Kipimo kikiwa cha CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 28.3 upate lita.

Jambo la pili ni muda wa kufanya kazi bila kupumzika, ambao huandikwa kwa asilimia. Asilimia 33 maana yake ni kwamba katika nusu saa inafanya kazi dakika 10 na kupoa dakika 20. Kwa hiyo zile dakika tisa za tairi moja zinaweza kugeuka nusu saa ukihesabu mapumziko. Soma pia asilimia hiyo imetolewa kwa presha gani. Ya asilimia 100 kwa psi 30 haikuhusu. Na usinunue isiyo na kifaa cha kujizima inapopata joto kupita kiasi.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo tunapopokea mashine nyingi zilizoungua. Soketi ya kuwashia sigara kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 10 hadi 15 au zaidi kidogo. Kwa volti 12 na ampea 15 unapata wati 180, na nguvu hiyo haitoshi kujaza tairi la lori kwa muda wa maana. Kompresa inayoiweza kazi hii hufungwa moja kwa moja kwenye betri kwa vibano, kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Injini iwe inanguruma wakati wote. Waya mwembamba wa kurefushia unakula volti njiani, mota inavuta kwa shida na kuchemka.

Malori mengi yanatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Kompresa ya volti 12 ukiifunga kwenye 24, mota inaungua. Wapo wanaokwepa kwa kuifunga kwenye betri moja tu kati ya mbili. Inawaka, kweli, lakini betri ile inabaki nyuma ya mwenzake kila mara, na baada ya muda unajikuta unanunua zote mbili. Nunua ya volti 24.

Tangi dogo linalokuja na baadhi ya kompresa linasifiwa kuliko linavyostahili. Linasaidia kutoa upepo mwingi kwa mkupuo, kwa mfano mdomo wa tairi unapotakiwa kukaa kwenye ringi. Halizalishi upepo. Na lisipotolewa maji kila siku, linapata kutu kwa ndani.

Kabla ya kutoa pesa, mwulize pia fundi wako kama lori lenyewe lina sehemu ya kuchukulia upepo kwenye mfumo wa breki. Mengi yanayo, mara nyingi kwenye kikaushia hewa, kifaa kinachoondoa unyevu kwenye upepo wa breki. Hapo unachohitaji ni mpira na geji tu, ilimradi presha ya mfumo inazidi ile ya tairi. Mfumo wa breki ukiacha kujijaza upepo ukifika bar 8, tairi la bar 8.5 hutalimaliza.

Mpira na kichwa chake visiwe vitu vya kuongezewa mwishoni kama zawadi. Kichwa kiwe cha kung’ang’ania valvu chenyewe, na kiweze kufika kwenye tairi la ndani pale yanapokaa mawili mawili. Geji na vali ya kutolea upepo viwe katikati ya mpira, mbali na tairi, na mpira uwe mrefu wa kukuwezesha kusimama pembeni, nje ya uelekeo wa ubavu wa tairi. Pima tairi likiwa baridi. Kwa bar 8, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapandisha presha kwa takriban bar 0.3, kwa hiyo lililotoka safarini linaonyesha zaidi ya kilichomo kihalali. Usilipunguze.

Tairi lililotembea na mzigo likiwa na asilimia 80 au chini ya presha yake, hata ukiwa na kompresa nzuri kiasi gani, halijazwi barabarani. Nyuzi za chuma za ubavuni huenda zimekatika ndani kwa ndani, na ukilijaza linaweza kupasuka kama zipu. Livuliwe likaguliwe ndani. Na ukiwa unajaza tairi lolote ukasikia mlio wa kukatika-katika ubavuni, usiinamie kusikiliza vizuri: funga kompresa, toa upepo kwa ile vali ya katikati ya mpira, ukiwa hukohuko uliko.