Maji ya Raskazone peke yake hayatoshi

Majuzi nimeulizwa tena hapa Tanga, mara ya tatu tangu kusi ianze: "Kaka, maji nimeyachota mwenyewe Raskazone, samaki naye katoka bahari hiyohiyo. Sasa nisubiri nini?" Aliyeuliza ni kijana wa Ngamiani mwenye tangi la samaki wa baharini la lita 60. Alijaza maji Ijumaa, jioni ileile akatia samaki wawili. Jumatatu walikuwa wanahema juujuu, Jumanne wamekufa. Akaniletea maji kwenye chupa nione yalivyo masafi, na kweli yalikuwa yanang'aa. Ndipo uchungu uliponishika, maana amonia, sumu inayotoka kwa samaki mwenyewe, haina rangi, na macho hayapimi amonia.

Samaki huitoa amonia kwa mashavu muda wote, hata akiwa hajala. Baharini inapotea papo hapo kwa wingi wa maji. Kwenye lita 60 haina pa kwenda, inajikusanya mpaka iliwe na bakteria. Na bakteria hao, nawaomba mnielewe hapa, hawaishi kwa kuelea. Majini wamo wachache mno. Walio wengi wamejishikiza kwenye jiwe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya filta, ndani ya utando wanaoutengeneza wenyewe. Ukichota ndoo tatu za bahari umepata chumvi nzuri tu. Wafanyakazi umewaacha kule chini.

Wengine hunijibu, "Mbona perege wangu niliwatia siku ya kwanza na wakaishi?" Perege ni wa maji baridi. Kila pH, kipimo cha asidi ya maji, ikipanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Maji ya bahari yako kwenye 8.1 au 8.2. Kipimo kilekile ambacho perege anakivumilia kwenye pH 7 kinamchoma mashavu samaki wa matumbawe.

Mambo ya haraka: chota maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua, na wakati wa masika usichote kabisa mto Sigi ukiwa unamwaga tope. Chumvi isome 1.025 kwenye hidromita (kifaa cha kupimia chumvi), joto nyuzi 26, pampu isisimame kamwe.

Sasa mawe. Usiende kung'oa matumbawe. Sheria inakataza, na tangu 2009 sehemu kubwa ya pwani hii kuelekea Pangani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mimi hutumia mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi, yale yenye vitundu vingi. Nayasugua, nayaloweka siku kadhaa, kisha naweka juu yake kipande cha jiwe hai, yaani jiwe lililokwisha kujaa bakteria na viumbe, ukubwa wa ngumi, kutoka tangi langu la zamani. Hicho kinawaambukiza wenzake. Kisafiri ndani ya ndoo ya maji, kisikauke njiani.

Hapa ndipo kosa la pili lilipo: "Nina jiwe hai, basi tangi limeshakomaa." Jiwe likihama, viumbe vingi vilivyomo hufa: sponji, minyoo, konokono. Vikioza vinatoa amonia ileile unayoikimbia. Jiwe hai linaweza kulichafua tangi kabla ya kulisafisha. Likinuka kama dagaa waliooza, litoe, lisugue, lirudishe. Kama mawe ni makavu na hakuna kinachooza, tia kamba mmoja aliyekufa kutoka soko la samaki la Deep Sea, aoze ili bakteria wapate chakula. Kwa kamba huyo nasitasita kila mara, kwa sababu anaacha fosfeti, na fosfeti inaleta mwani miezi miwili baadaye. Mwenye amonia ya chupa, ya kutia kwa matone, ni heri atumie hiyo.

Amonia itapanda, ishuke, kisha nitriti, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia, ipande. Vitabu vingi vinatutisha kwa nitriti kana kwamba ni sumu kuu. Kwenye maji ya chumvi kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia kuingia kwenye mashavu, kwa hiyo haiui kirahisi kama kwenye maji baridi. Bado naisubiri ishuke, kwa sababu ikiwepo inanionyesha kwamba kundi la pili la bakteria, linaloigeuza kuwa nitrati, halijatosha.

Siku ngapi? Nawaambia watu wiki nne na huwa nasema kwa shingo upande. Tangi langu moja lilimaliza siku 16, jingine la mawe yaleyale siku 51. Bakteria hawa huzaana polepole, saa nane hata zaidi ya siku nzima kugawanyika mara moja. Umeme ukikatika usiku kucha na pampu ikasimama, hewa inawaishia na unarudi nyuma. Nunua pampu ya betri kabla hujanunua samaki. Utando wa kahawia kwenye mchanga ukitokea, uache, utapita.

Kijana wa Ngamiani sasa yuko siku ya 19. Amonia yake ni sifuri, kipimo cha nitriti bado kinageuka zambarau, yaani bado ipo. Ikififia, atatia amonia kidogo mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, na kesho yake saa ileile apime tena zote mbili. Zikiwa sifuri, abadilishe nusu ya maji kupunguza nitrati, aje kwangu tuchague samaki mmoja. Leo asubuhi amenipigia kuuliza kama wawili haiwezekani. Mmoja, mdogo wangu, na wa pili baada ya wiki tatu.