Injini ya 3L: vipimo kwanza, vipuri baadaye

Wateja wengi wanaoniletea injini ya Toyota 3L, ile dizeli ya cc 2,779 iliyofungwa kwenye Hiace na Hilux, huja na mfuko wa pistoni, ringi, beringi na gasketi zilizonunuliwa Gerezani, eneo la maduka ya vipuri Dar es Salaam, kabla injini haijafunguliwa. Vipuri hivyo vinaweza kuwa halisi kabisa na bado visifae, kwa kuwa saizi huamuliwa na hali ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Silinda ya 3L ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha milimita 96. Kwa kuwa hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, naipima juu, katikati na chini, kisha narudia nikiwa nimegeuza kipimo robo mzunguko. Ikibidi kuchongwa, ndipo pistoni za saizi kubwa hununuliwa, na fundi wa mashine huchonga kila silinda kwa kufuata pistoni yake.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kifuniko chake cha juu, ndiyo inayowaponza wengi. Toyota iliitengeneza kwa unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, kwa sababu pistoni za dizeli hii hujitokeza kidogo juu ya bloku, na unene huchaguliwa baada ya pistoni kufungwa na kimo hicho kupimwa. Muuzaji huuliza tu kama ni 3L. Gasketi nyembamba kupita kiasi huifanya pistoni igonge hedi, na nene mno hupunguza kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, hata gari likawaka kwa shida asubuhi.

Kuhusu chapa, naziamini ringi za NPR na Riken, na beringi za Taiho na NDC, ambazo katika maboksi ya watengenezaji wenyewe mara nyingi ni nafuu kuliko zenye boksi la kampuni ya gari. Hata hivyo boksi huigwa, kwa hiyo nachunguza kilichomo. Ringi naitia peke yake ndani ya silinda, naisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, napima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya), kisha namulika taa kwa chini. Mwanga ukipenya kati ya ringi na ukuta wa silinda, naikataa. Beringi nzuri huwa imetanuka kidogo kuliko kikalio chake, hivyo hushika yenyewe inapobonyezwa, na saizi yake imegongwa mgongoni kwa herufi zinazosomeka.

Kwa sababu hiyo nakubaliana na muuzaji mapema kwamba seti itakayoshindwa kipimo cha silinda itarudishwa, na asiyekubali sharti hilo sinunui ringi kwake.