Je, wajua kwa nini tabo huunguza mkanda wa pikipiki ya theluji?

Pikipiki ya theluji haina gia za kubadilisha. Kati ya injini yake na ile cheni pana ya raba inayokanyaga theluji kuna puli mbili na mkanda mmoja wa raba wenye umbo la V, ambao upana wake haufiki sentimita 4. Nguvu zote hupita hapo. Injini za kiwandani za cc 850 siku hizi hutoa takriban nguvu za farasi 165. Mwenye mashine akiifungia tabo (turbo, pampu inayoisukumia injini hewa zaidi) ikafika 250, mkanda uliokuwa ukimaliza msimu mzima unaweza kumshinda kabla ya saa sita mchana. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba nguvu imeuzidi mkanda: umevutwa mpaka ukakatika. Jibu hilo utalisikia hata Nakuru, ambako theluji huonekana kwenye simu tu, kwa sababu skuta zinazopanda barabara za huku zina puli na mkanda wa aina hiyohiyo. "Fundi, si uniwekee belti ngumu?" mteja anauliza. Fundi anaweka. Wiki chache baadaye skuta inarudi ikisukumwa.

Jibu hilo lina kosa moja kubwa, nalo huonekana ukiukagua mkanda wenyewe uliokufa. Ndani yake mna kamba za nyuzi ngumu, nyingi zikiwa za aramidi, jamii moja na Kevlar inayofumiwa fulana za kuzuia risasi. Kama mkanda ungekufa kwa kuvutwa, kamba hizo ndizo zingekatika kwanza, raba ikiwa bado nzima. Mara nyingi hali ni tofauti. Mbavu za mkanda zinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Ukizipitisha kidole, hazishiki. Meno ya upande wa ndani yamepasuka mashinani, mengine yametoka. Chini ya kifuniko kuna unga mweusi, na harufu ya raba iliyoungua haitoki hata ukiacha boksi wazi usiku kucha. Kamba zenyewe zinaning'inia kama mkia wa ng'ombe, kwa sababu raba iliyokuwa imezishika imeachia. Mkanda wa namna hiyo umekufa kwa joto, na joto limetoka kwenye kuteleza. Kukatika kulikuja mwishoni kabisa, na kwa kuwa ndiko kulikosikika mlio, ndiko kunakolaumiwa.

Sasa, kwa nini nguvu ikizidi mkanda uteleze? Hapa ndipo pana ajabu ya mtambo huu.

Puli ya mbele imefungwa kwenye injini. Ina mashavu mawili ya alumini, moja limetulia na lingine linasogea. Nyuma ya shavu linalosogea kuna vyuma vizito vidogo vilivyoning'inizwa. Injini ikizunguka kasi, vyuma hivyo hutupwa nje, vinalisukuma shavu, na mkanda unabanwa. Kadiri unavyobanwa ndivyo unavyopanda juu kwenye puli ya mbele na kuzama kwenye puli ya nyuma, na hapo mashine imepanda gia bila mtu kushika kitu. Puli ya nyuma ina spring na njia iliyokatwa mshazari: mzigo ukiongezeka, njia hiyo hujisokota na kuyakaza mashavu yake. Kwa hiyo puli ya nyuma huusikia mzigo. Puli ya mbele haiusikii. Vizito vyake vinajua kitu kimoja tu, nacho ni mizunguko ya injini.

Tabo haiongezi mizunguko. Inaongeza nguvu katika mizunguko ileile. Injini iliyokuwa ikitoa farasi 165 kwenye mizunguko karibu 8,000 kwa dakika sasa inatoa 250 palepale, lakini vizito havijaambiwa lolote. Vinaendelea kuubana mkanda kwa nguvu ya farasi 165.

Tuchukue mashine ya kusaga posho. Pale kijijini Kakamega au Siaya, injini ya dizeli imekaa upande mmoja, kinu upande wa pili, na katikati mna mikanda ya V. Mkanda wa V haushiki puli kwa kukaa juu yake. Hujichomeka mferejini, na mbavu zake ndizo zinazofanya kazi. Mfereji wenye pembe ya digrii 40 huufanya msuguano uhesabike karibu mara 3 ya ule wa mkanda bapa, na ndiyo maana kamkanda kembamba hugeuza jiwe zito. Lakini kujichomeka huko kunahitaji mkanda uwe umekazwa. Ukilegea, siku mteja anapoleta mahindi mabichi kinu kinalemewa, injini inapaa sauti, mkanda unapiga kelele, na moshi unaanza. Mwenye mashine hamwambii mtu kwamba injini yake ina nguvu kupita kiasi. Anazima, analegeza boliti, anaisogeza injini nyuma, anakaza, anaendelea kusaga. Akikifungia kinu hichohicho injini yenye nguvu maradufu na kuuacha mkanda na ukazo wa zamani, moshi utaanza hata kwa mahindi makavu. Tofauti na pikipiki ya theluji ni moja: huko hakuna boliti za kusogeza injini. Anayekaza ni vile vizito.

Vizito vyenyewe hujaribu kujitetea, lakini kwa njia mbaya. Nguvu ya kutupwa nje hupanda kwa mraba wa mizunguko: injini ikitoka 8,000 kwenda 8,800, yaani nyongeza ya asilimia 10, msukumo huongezeka asilimia 21. Ili ubanaji ulingane na nyongeza ya farasi 165 hadi 250 kwa mizunguko peke yake, ingebidi injini ifike karibu 9,800, na injini ya mipigo miwili iliyotengenezwa kutoa kilele chake kwenye 8,000 haina cha kufanya huko juu ila kujiumiza. (Hesabu hii ni ya juu juu, puli ya mbele ina spring inayovipinga vizito, na puli ya nyuma nayo ina yake ya kusema.) Dereva anachosikia ni injini inayolia kwa kishindo huku mashine haiendi inavyolia.

Tofauti hiyo kati ya kelele na mwendo huishia kuwa joto. Farasi 250 ni takriban kilowati 186. Zikipotea asilimia 3 tu kwa kuteleza, hizo ni zaidi ya kilowati 5 zinazomwagwa kwenye mbavu za raba, ndani ya kifuniko kisicho na hewa ya kutosha. Raba haipitishi joto vizuri, kwa hiyo linakaa usoni mwake. Uso unalainika, unang'aa, unapoteza mshiko, unateleza zaidi. Kuanzia hapo ni suala la dakika.

Hatari kubwa haiko kwenye mwendo wa kasi, ingawa ndiko macho ya watu yanakoangalia. Nguvu ni mvuto mara mwendo. Kwenye theluji laini ya mlimani, mashine ikijikokota na dereva amefungua mafuta yote, mkanda unatembea polepole, hivyo mvuto unaouhitaji ni mkubwa zaidi. Tena wakati huo umezama chini kwenye puli ya mbele, mahali unapoizunguka kwa kipande kifupi tu. Skuta yenye abiria wawili ikipanda kilima inajua shida hiyo.

Mlima wenyewe una mtego mwingine. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300, kwa kuwa hewa inapungua. Kati ya Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, na Nakuru, kwenye 1,850, hiyo ni kama asilimia 7. Milima ya Rocky huko Marekani watu huendesha hata juu ya mita 3,000, ambako zimepotea karibu asilimia 30. Kwa hiyo mashine zinazouzwa kwa ajili ya huko hufungwa vizito vyepesi makusudi, ili injini dhaifu iweze kufikia mizunguko yake. Halafu mtu anaifungia tabo, ambayo kazi yake ni kurudisha hewa iliyopotea na kuzidisha. Injini imeondoka mlimani. Vizito vimebaki huko.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuongeza uzito, gramu moja au mbili kwa mara, mpaka injini itulie kwenye kilele chake ikiwa imefunguliwa yote. Vizito vyote vya puli moja vipimwe kwa mizani ya sonara vilingane, la sivyo puli itatetemeka. Ukipitiliza, mashine itapanda gia mapema na injini itazama chini ya kilele chake, na dereva atalalamika kwamba tabo haifanyi kazi. Puli ya nyuma nayo hubadilishiwa spring au mshazari ili ishike sawasawa na ya mbele.

Si kila mkanda unaokufa umeuawa na vizito. Puli zisipokaa kwenye mstari mmoja, kamba huchomoza upande mmoja kama pindo la nguo lililofumuka. Cheni iliyoganda barafu usiku nayo huacha alama yake: asubuhi dereva anafungua mafuta, puli inazunguka na mkanda umesimama, na raba inalika mahali pamoja tu, ikabaki na kiuno chembamba. Njia ya haraka ya kujua kuteleza kuko wapi ni kusimama baada ya kupanda, kuzima, kufungua kifuniko na kusogeza kiganja karibu na puli moja kisha nyingine. Yenye moto zaidi ndiyo inayoteleza, na ndiyo ya kufunguliwa kwanza.