Afadhali wafungwe sasa? Timu isiyoshindwa na faida ya kipigo

Timu ya mtaa ikipita mechi nyingi bila kufungwa hapa Lamu, barazani huanza maneno. Wazee wa Mkomani huyasema, vijana wa Langoni huyarudia wakitoka uwanja wa Twaif jioni: "Afadhali wafungwe moja sasa watie akili, kuliko wakafungwe fainali." Kazi yangu ni kuchambua mechi. Nakaa na makocha wa timu za huku visiwani, tunatazama video zilizorekodiwa kwa simu, nahesabu mashuti, mipira iliyopotezwa na nafasi walizopewa wapinzani. Swali hili makocha wananiuliza kwa dhati, tena mara nyingi katikati ya msimu mzuri. Nami naamini kipigo chenyewe hakina faida yoyote. Faida iko katika kazi anayoifanya kocha baada ya kipigo, na kazi hiyo hiyo angeweza kuifanya baada ya kushinda. Shida ni kwamba akishinda haifanyi.

Kuna dhana moja niiondoe njiani haraka, ile ya kwamba kipigo ni deni: umekaa muda mrefu hujafungwa, basi zamu yako inakaribia. Chukua timu kali sana, ambayo kila inapoingia uwanjani uwezekano wake wa kufungwa ni 5 katika 100. Ikicheza mechi 30, uwezekano wa kuzimaliza zote bila kufungwa ni kama 21 katika 100 tu. Kwa hiyo ni kweli timu nyingi nzuri hufungwa mahali fulani. Lakini ikishafika mechi ya 20 salama, uwezekano wa kufungwa katika ile ya 21 ni ule ule 5 katika 100. Hakuna daftari linaloandikwa deni. Na kufungwa leo hakupunguzi hata chembe uwezekano wa kufungwa kesho.

Wanaotetea kipigo siku hizi hutaja Argentina, na wana haki ya kuitaja. Walifika Qatar mwaka 2022 wakiwa wamecheza mechi 36 bila kufungwa, tangu walipotolewa na Brazil katika nusu fainali ya Copa América mwaka 2019. Tarehe 22 Novemba wakafungwa 2-1 na Saudi Arabia. Messi alikuwa ametangulia kufunga penalti, kisha mabao matatu ya Argentina yakakataliwa kwa kuotea, maana mabeki wa Saudi walipanga mstari wao mbele sana. Kipindi cha pili Al-Shehri na Al-Dawsari wakapindua matokeo katika dakika chache. Chini ya mwezi mmoja baadaye Argentina walilibeba Kombe la Dunia.

Tazama kilichotokea katikati. Kocha Lionel Scaloni alibadilisha wachezaji watano kwa mechi ya Mexico, Alexis Mac Allister akiwa mmoja wa walioingia. Enzo Fernández alitokea benchi siku hiyo akafunga bao la pili. Dhidi ya Poland, Fernández na Julián Álvarez wakaanza, na mabao mawili ya mechi hiyo yakafungwa na Mac Allister na Álvarez. Timu iliyocheza fainali na Ufaransa haikuwa ile iliyoanza na Saudi Arabia. Wachezaji hao wote walikuwa kambini tangu siku ya kwanza. Mguu wa Enzo haukuongezeka nguvu kwa sababu Saudi walishinda. Kilichobadilika ni kwamba kocha alipata ruhusa ya kugusa kikosi ambacho mechi 36 zilikuwa zinamwambia asikiguse.

Hapo ndipo penye kiini. Wachumi watatu wa Marekani, Lefgren, Platt na Price, walichunguza makocha wa ligi ya mpira wa kikapu ya NBA na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015. Waliangalia mechi zilizoamuliwa kwa pengo dogo sana, ambapo aliyeshinda kwa pointi moja na aliyeshindwa kwa pointi moja wamecheza karibu sawa. Wakakuta kocha aliyeshindwa anabadilisha kikosi chake cha kwanza mara nyingi zaidi kuliko aliyeshinda. Mpira ulikuwa ule ule, makosa yale yale, ila mmoja alirudi nyumbani akakaa na daftari na mwingine akarudi na furaha yake.

Naliona jambo hili Twaif kila msimu. Timu inashinda 1-0 kwa bao la kona. Wapinzani wamegonga mwamba, wamepita upande wa kushoto watakavyo, kipa ameokoa mbili ambazo siku nyingine zingeingia. Jioni nikimwonyesha kocha zile video, ananisikiliza kwa adabu, lakini macho yake yako kwenye pointi tatu. Mechi hiyo hiyo ikiisha 1-0 upande wa pili, kesho yake asubuhi ananipigia yeye: "Mwalimu, hebu njoo na zile video." Yule beki wa kushoto alikuwa anapitwa siku zote mbili.

Wanaosema kipigo humwamsha mchezaji kwa uchungu nao wana la kuonyesha. Mwaka 2011 Jonah Berger na Devin Pope walichapisha uchunguzi wa mechi zaidi ya 18,000 za NBA, wakaona timu zilizokwenda mapumziko zikiwa nyuma kwa pointi moja zilishinda mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Habari hiyo ilienea sana. Baadaye watafiti wengine walipoipima katika futiboli ya Australia, ile ya Marekani na raga, hawakuiona. Mimi siwezi kujenga mipango ya timu juu ya msingi kama huo. Uchungu upo, nimeuona kwenye nyuso za vijana, lakini uchungu haumfundishi beki mahali pa kusimama.

Tena tukumbuke walioumia na wasiamke. Siku moja tu baada ya Argentina kuanguka, Ujerumani walifungwa 2-1 na Japan, nao wakatolewa hatua ya makundi. Mwaka 2002 Ufaransa waliingia Kombe la Dunia wakiwa mabingwa wa dunia na wa Ulaya, wakafungwa mechi ya kwanza na Senegal kwa bao la Papa Bouba Diop, wakarudi kwao bila kufunga hata bao moja. Hispania mwaka 2010 walianza kwa kufungwa na Uswisi wakachukua kombe. Tunamsimulia Hispania na Argentina kwa sababu waliishia na kombe mkononi. Ujerumani hatuwatolei mfano wa faida ya kufungwa, na hesabu ya haki ingewataka wote.

Pia ni vizuri kuuliza "hawajafungwa" maana yake ni wapi. Gor Mahia walichukua ligi ya Kenya mwaka 2015 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, jambo kubwa kwa soka yetu. Lakini mwaka huo huo walifungwa 2-0 na Azam jijini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Kagame. Arsenal ya msimu wa 2003-04, ambayo kila shabiki wake hapa Lamu anaihesabu kwa vidole, mechi 38, ushindi 26, sare 12, ilipigwa mara mbili katika wiki moja ya Aprili 2004: tarehe 3 na Manchester United katika nusu fainali ya Kombe la FA, tarehe 6 na Chelsea katika Ligi ya Mabingwa. Tarehe 9 walikuwa nyuma 2-1 nyumbani dhidi ya Liverpool hadi mapumziko. Thierry Henry akamaliza na mabao matatu, wakashinda 4-2. Mtetezi wa kipigo atasema: unaona, walifungwa, wakaamka. Nami namuuliza gharama yake. Walipoteza vikombe viwili ndani ya siku nne. Ahueni waliyoipata kwa hakika ni ya ratiba, kwa sababu mechi za vikombe hivyo viwili ziliisha.

Na rekodi yenyewe ya ligi ilipovunjwa je? Walikuwa wamefikisha mechi 49. Tarehe 24 Oktoba 2004, Old Trafford, Manchester United 2, Arsenal 0. Wiki iliyofuata walitoka sare na Southampton nyumbani, kisha sare na Crystal Palace. Ubingwa wa msimu huo ukaenda Chelsea. Mzigo ulikwisha kutuliwa, na miguu haikuwa myepesi. Linganisha na Yanga, ambao nao walifikisha mechi 49 za ligi ya Tanzania bila kufungwa, hadi Ihefu walipowalaza 2-1 tarehe 29 Novemba 2022. Yanga wakatetea ubingwa msimu huo na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Idadi ni ile ile 49, lakini timu hizi mbili zilielekea pande tofauti kabisa baada ya kipigo. Anayetaka kutabiri kitakachofuata, kipigo peke yake hakimpi chochote.

Kuna mahali pamoja nakubaliana na wazee wa baraza. Rekodi ikishaanza kumwongoza kocha, ina madhara. Dakika ya 75, sare 1-1, timu inatawala mpira, na kocha anamtoa winga anaingiza beki ili "tusipoteze". Kwa hesabu ya pointi tatu kwa ushindi, timu iliyoshinda 5 na kutoka sare 5 ina pointi 20. Iliyoshinda 7 na kufungwa 3 ina 21. Perugia ya Italia ilimaliza msimu wa 1978-79 bila kufungwa hata mechi moja kati ya 30, ikishinda 11 na kutoka sare 19. Milan walifungwa mara 3 msimu huo, wakachukua ubingwa. Kama timu yako imekuwa Perugia, basi ndiyo, rekodi ikivunjika kocha atapumua na atathubutu. Lakini hilo angelifanya hata leo, akiamua kwamba anafuata ubingwa na kwamba rekodi haina kombe lake.

Wakati nao una uzito wake, na huu wazee huuona vizuri. Bayer Leverkusen walicheza mechi 51 bila kufungwa msimu wa 2023-24, wakiwa mabingwa wa Ujerumani, kisha wakachapwa 3-0 na Atalanta katika fainali ya Ligi ya Europa tarehe 22 Mei 2024, mabao yote ya Mnigeria Ademola Lookman. Kipigo cha fainali hakina mechi ya marudio ya kutumia somo. New England Patriots katika futiboli ya Marekani walishinda mechi 18 mfululizo, wakafungwa ya 19, ambayo ndiyo Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, 17-14 na New York Giants, Februari 2008. Mfano huu ndio ninaoupenda kuwaonyesha makocha kwa sababu ya mechi iliyotangulia. Tarehe 29 Desemba 2007 timu hizo hizo zilikutana, Patriots wakashinda 38-35. Giants walikuwa wamekwisha jihakikishia nafasi ya kuendelea, lakini walipanga kikosi kamili na kuwabana wapinzani wao hadi mwisho. Onyo lote lilikuwemo ndani ya ushindi ule, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya fainali.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha wa timu isiyofungwa ni kama anajua kwa nini haijafungwa. Huku kwetu kuna sababu ambazo hazionekani kwenye jedwali. Timu inayotoka Faza au Kizingitini, kisiwa cha Pate, kuja kucheza Lamu inafuata maji, kwa sababu mkondo wa Mkanda hupitwa vyema yakiwa yamejaa. Vijana wanaweza kuondoka kwao alfajiri kwa mechi ya jioni, wakashinda juani bila chakula cha maana, na wakati wa mechi tayari wanawaza maji ya kurudia. Ukiwafunga watu hao Twaif mara nne, una ushindi mara nne, lakini hujui bado timu yako ina nguvu gani. Mimi huandika pembeni ya kila matokeo wapinzani walifika saa ngapi na walikuwa wangapi, na kocha akiona orodha hiyo mara nyingi hunyamaza kidogo.

Jambo ninalowaomba makocha ni dogo na linawezekana bila fedha. Mchezo ukiisha, kabla ya mtu yeyote kutaja matokeo, kaeni na nafasi tano bora mlizowapa wapinzani. Jadilini kila moja kana kwamba iliingia wavuni. Baada ya ushindi fanyeni hivyo kwa muda ule ule mnaoutumia baada ya kipigo. Mabadiliko ya kikosi yaandikwe kabla ya kuangalia jedwali.

Na kama kocha bado anahisi vijana wake wamejaa sana na wanahitaji kuguswa, fainali ikiwa mbele, namshauri avuke yeye. Aipeleke timu Pate kwa mechi ya kirafiki, safari wafuate maji kama wenzao wanavyofanya, wacheze na timu kali ya huko mbele ya mashabiki wa huko, na wale wanaokaa benchi wapewe nusu ya mechi. Wakifungwa, hawajapoteza pointi wala kombe. Wakishinda, nafasi tano zitakuwepo za kutazama. Mechi hiyo ichezwe angalau siku kumi kabla ya fainali, ili yatakayoonekana yapate muda wa kurekebishwa mazoezini na miguu ipumzike.