Usajili wa besiboli: usihesabu majina, hesabu wa akiba

Ugonjwa wa kuhesabu majina wakati wa usajili hauko kwenye soka peke yake. Kila majira ya baridi, mashabiki wa besiboli Marekani nao humtawaza bingwa kabla mpira wa kwanza haujarushwa.

Dhana: Aliyemwaga pesa nyingi ndiye aliyeimarika.
Ukweli: New York Mets walianza msimu wa 2023 na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote iliyowahi kuwapo kwenye ligi kuu ya besiboli Marekani. Walishinda mechi 75, wakapoteza 87. Edwin Díaz, mrushaji wao wa kumalizia mechi, aliumia goti mwezi Machi akiichezea Puerto Rico. Hakuumia mchezoni, aliumia akishangilia! Kabla dirisha halijafungwa, warushaji wao nyota, Max Scherzer na Justin Verlander, walikuwa wameshapelekwa kwingine.

Dhana: Warushaji watano wanaopokezana kuanza mechi wanatosha.
Ukweli: Watano hao ni wa kwenye karatasi. Los Angeles Dodgers walitwaa ubingwa wa 2024 huku Tyler Glasnow, Clayton Kershaw na Gavin Stone wakiwa majeruhi, na Shohei Ohtani, anayejua kupiga na kurusha, akipiga tu bila kurusha kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko. Oktoba, kwenye mechi za mtoano, walibaki na watatu wa kutegemewa: Yamamoto, Buehler na Flaherty, ambaye alikuja katikati ya msimu. Mechi nyingine waliwagawia warushaji wa akiba, huyu akitoka yule anaingia.

Dhana: Ohtani anawagharimu Dodgers dola milioni 70 kila mwaka.
Ukweli: Mkataba ni wa dola milioni 700 kwa miaka 10, ila milioni 680 atalipwa kuanzia 2034. Kwa sasa anapokea milioni 2 kwa mwaka.

Dhana: Wa benchi ni wa kujazia.
Ukweli: Mookie Betts wa Dodgers alipovunjika mkono Juni 2024, Miguel Rojas ndiye aliyeziba pengo. Kikosi cha mechi ni watu 26, lakini orodha ya klabu ni 40, na hapo ndipo mimi huanza kusoma. Kijana ambaye klabu bado ina haki ya kumshusha ligi ndogo anaweza kwenda na kurudi. Haki hiyo kwa kawaida hudumu misimu mitatu tu. Ikiisha, ukitaka kumshusha lazima kwanza klabu nyingine zipewe nafasi ya kumchukua. Timu yenye wengi ambao haki hiyo imeshaisha ina benchi lililojaa, lakini mrushaji akiumia Aprili haina pa kugusa.